Kuunda lugha ndogo ya kimataifa mukiwa Goma: mwongozo kamili, kuanzia sauti ya kwanza hadi kaye ya mwisho

Goma haina upungufu wa lugha za sokoni. Mtu wa Birere anaamka na Kihunde au Kinande nyumbani, anavuka mpaka wa Petite Barrière na Kinyarwanda, anamaliza mambo ya ofisi kwa Kifaransa, anasikiliza muziki kwa Lingala, na vyote hivyo vinashonwa pamoja na Kiswahili. Kwa hiyo mwongozo huu hautafuti lugha ya kuchukua nafasi ya Kiswahili mjini. Unahusu kitu kingine: lugha ndogo ya kuundwa, yenye sauti chache, sarufi fupi na maneno mia chache, ambayo kikundi cha Goma kinaweza kuijenga na kuitumia na mtu wa Indonesia, Brazil au Uturuki asiyejua Kiswahili wala Kifaransa. Masikio mengi tofauti yaliyopo Goma ndiyo maabara yenu. Mji wenye lugha moja hauwezi kukuonyesha haraka namna hii kwamba sauti fulani inamchanganya mtu.

Jambo moja litarudi katika kila hatua, basi lieleweke tangu mwanzo. Ukipunguza maneno, mzigo haupotei. Unatoka kwenye kichwa cha mwanafunzi na kuhamia kwa msikilizaji, ambaye sasa inabidi akisie. Kazi ya mwundaji ni kujua kila alichokata kimemwangukia nani, na kama mtu huyo anaweza kukibeba.

Vitu na watu mnaohitaji

Watu 6 hadi 8, wenye angalau lugha 4 tofauti za nyumbani. Mkiwa wote wa lugha moja, acheni kwanza, tafuteni wengine. Mmoja wenu awe hajui Kifaransa kabisa. Kaye (madaftari) 2 kubwa: moja ya kamusi, moja ya makosa. Karatasi 19 za A4 ngumu kidogo. Ukikunja karatasi moja mara 4 na kuikata unapata kadi 16, kwa hiyo 19 zinatoa kadi 304, zinazotosha maneno 300 na akiba 4. Biki za rangi 2. Simu moja inayorekodi sauti. Muda: wiki 10, vikao 2 kwa wiki, dakika 90 kila kikao, jumla saa 30.

Hatua ya 1: someni waliotangulia, lakini someni makosa yao

Tumieni vikao 2 tu hapa.

Volapük iliundwa na padri Mjerumani, Johann Martin Schleyer, kati ya 1879 na 1880. Maneno yake yalitoka zaidi katika Kiingereza lakini yakakatwa mpaka hayatambuliki: "pük" lilitoka katika neno la Kiingereza la kusema. Tena iliweka irabu kama ü na ö ambazo lugha nyingi za dunia hazina. Ilienea haraka, kisha ikavunjika kwa ugomvi wa nani ana haki ya kuibadilisha.

Esperanto ya Ludwik Zamenhof, ya mwaka 1887, ilikuja na kanuni 16 za sarufi na viambishi vinavyozaa maneno. Kiambishi "mal-" kinageuza maana: "bona" ni nzuri, "malbona" ni mbaya. Kwa njia hiyo unajifunza karibu nusu ya sifa, na nusu nyingine unaipata bure. Lakini "dekstra" ni kulia na "maldekstra" ni kushoto. Motari (dereva wa pikipiki) akipita wakati unatamka "mal", msikilizaji anakwenda upande usio wake. Hapo ndipo mzigo ulipohamia. Herufi zake zenye kofia, kama ĉ na ŝ, nazo hazionekani moja kwa moja kwenye kibodi nyingi za simu, na watu wengi huziandika kwa njia za mkato.

Solresol ya Mfaransa François Sudre ilitumia silabi 7 tu, zile za noti za muziki. Hesabu inavutia: maneno ya silabi 1 hadi 4 yanafika 2,800 (7 + 49 + 343 + 2,401). Shida ni kwamba maneno yote yanafanana. Tena ukigeuza neno, maana inageuka: "domisol" ni Mungu, "solmido" ni Shetani. Lugha yenye sauti chache kupita kiasi haina nafasi ya kukosea.

Basic English ya C. K. Ogden, ya 1930, ilibakiza maneno 850 na vitenzi 18 tu. Ukiona hesabu hiyo unafikiri kazi ni ndogo. Kumbe vitenzi hivyo vinaunganishwa na maneno madogo ya mahali kutoa maana ambazo huwezi kuzikisia: neno la "weka", la "juu" na la "pamoja na" yakifuatana yanamaanisha kuvumilia. Mwanafunzi amehesabiwa maneno matatu, lakini amejifunza manne.

Toki Pona ya Sonja Lang, ya 2001, ndiyo ndogo kuliko zote zinazotumika kweli: herufi 14, maneno kama 120 katika kitabu chake cha 2014. Haikukusudiwa kuwa lugha ya kimataifa, lakini imefanya kazi hiyo, na mwaka 2022 ilipata msimbo wa kimataifa wa lugha, "tok". Jifunzeni sentensi zake chache, kwa sababu zinafundisha kuliko maelezo. "Mi moku e kili" ni "nakula tunda". Lakini "mi moku" peke yake inaweza kuwa "ninakula" au "mimi ni chakula". Kwa namba, njia inayotumika zaidi inajumlisha: "luka" ni 5, "mute" ni 20, "ale" ni 100. Bei ya faranga 2,500 ingedai useme "ale" mara 25. Kwa kutafakari na kwa urafiki lugha hiyo inatosha vizuri sana. Kwa kununua unga haitoshi.

Kama baada ya vikao hivi 2 mnaona moja ya lugha hizi inawafaa, ijifunzeni na muachane na kazi ya kuunda. Ni uamuzi halali kabisa.

Hatua ya 2: sauti

Hapa msiharakishe. Kosa la neno mnaweza kulirekebisha wiki ijayo. Kosa la sauti linabomoa kamusi nzima.

Chukueni irabu 5 za Kiswahili: a, e, i, o, u. Kwa konsonanti, piteni moja moja mkiuliza swali hili: nani hataweza kuitofautisha na jirani yake? Kinyarwanda hakitenganishi l na r kama Kifaransa kinavyofanya; Kijapani pia hakitenganishi; Lingala ya asili haina r. Basi wekeni l peke yake, na mruhusu mtu aitamke r akitaka. Kiarabu hakina p, wakati lugha nyingine zinachanganya p na b. Basi p na b zihesabiwe sauti moja, iandikwe p. Vilevile t na d, k na g. H iachwe, maana Mfaransa haitamki. F, v, z, sh, ch, j ziachwe pia.

Zinabaki 9: p, t, k, m, n, s, l, w, y. Kila silabi iwe konsonanti moja na irabu moja, bila vifungo kama "mb" au "str". Hiyo ni silabi 45. Toeni nne: "yi", "wu" na "wo", kwa sababu masikio mengi hayazitofautishi na irabu tupu, na "ti", kwa sababu kwa Mjapani inageuka "chi". Mkongomani mwenyewe anaijua hali hii: kinywani mwa mtu wa Kinshasa "mardi" ya Kifaransa inasikika "mardzi". Silabi 41 zimebaki.

Jaribio la sauti. Andikeni silabi zote 41 kwenye kadi za muda. Msomaji akae barabarani pembeni, mahali motari wanapopita, umbali wa mita 4 kutoka kwa wasikilizaji. Asome silabi mbili mbili, "pala", "kumo", "sine", jumla 50. Wasikilizaji waandike. Mkilinganisha, jozi yoyote iliyokosewa na watu 2 au zaidi iandikwe katika kaye ya makosa. Mara nyingi m na n ndizo zinazoanguka. Msizifute, wekeni tu kanuni kwamba maneno mawili ya jambo moja yasitofautiane kwa m na n peke yake.

Mkazo uwe silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili. Kwa watu wa Kivu hakuna cha kujifunza hapo; Mfaransa atahitaji siku chache.

Hatua ya 3: vijineno vya sarufi

Kiswahili cha Goma chenyewe kimeshaonyesha nini kinaweza kukatwa. Mtu akisema "kitabu yangu" badala ya "kitabu changu", hakuna anayeshindwa kumwelewa. Ngeli zikate basi. Wingi wa lazima, jinsia na minyambuliko ya nyakati, vyote vikate.

Ila kabla ya kukata, jueni ngeli zilikuwa zinafanya kazi gani. Katika "kile kikombe kikubwa kimevunjika" sauti "ki" inarudi mara nne. Kelele ikifunika moja, tatu zinaokoa ujumbe. Pia zinapanga maneno: "soko kubwa la mama" na "soko la mama mkubwa" hazichanganyiki. Mkiondoa ngeli, kazi hizo mbili lazima zipewe mtu mwingine. Ndiyo maana lugha ndogo nzuri haina sarufi sifuri. Ina vijineno vichache vinavyofanya kazi nzito.

Huu hapa mfano unaofanya kazi, wa vijineno 7 na viwakilishi 3. "Ni" inatenganisha mtenda na tendo, na haiachwi kamwe. "Ke" inatangulia kinachotendwa. "Wa" inafungua kundi jipya la maneno. "Me" ni wakati uliopita, "lo" wakati ujao. "Pa" ni kukanusha. "Ka" inafungua swali. Viwakilishi: "mi" ni mimi, "yu" ni wewe, "ye" ni yule mwingine, kama Lingala. Kwa wingi mnaongeza neno la "wengi" baada yake. Msikubali "tu": kwa Kifaransa ni wewe, kwa Kiswahili ni sisi, na kosa hilo litaleta ugomvi siku ya kwanza.

Mpangilio ni mtenda, tendo, kitendwa, kama Kiswahili, Kifaransa, Lingala na Kichina. Waturuki, Wajapani na Wahindi wanaweka tendo mwishoni. "Ke" ndiyo inayowaokoa wakisahau mpangilio, kwa hiyo nayo ni ya lazima hata pale maana inaonekana wazi.

"Mi ni lipa ke sapuni": ninanunua sabuni.
"Mi ni me lipa ke sapuni": nilinunua sabuni.
"Ka yu ni lo lipa ke sapuni": je, utanunua sabuni?
"Mama ni pa lipa ke maya pa": mama hanunui maji.

Angalieni "pa" inarudi mwishoni. Sababu ni ile ile ya "maldekstra": kijineno kimoja cha kukanusha kikimezwa na kelele, sentensi inageuka kinyume. Kukirudia kunagharimu silabi moja tu. Kifaransa cha vitabuni kinakanusha kwa maneno mawili, na Lingala inaweka "te" mwisho wa sentensi, kwa hiyo kwa masikio ya Goma si kitu kigeni.

Sifa zinafuata jina, na zote zinalisifu jina la kwanza la kundi. "Soko mama kulu" ni soko kubwa la mama. "Soko wa mama kulu" ni soko la mama mkubwa. Wapeni wanakikundi sentensi 10 za namna hii na kadi za picha; mtu akikosea zaidi ya 2, mfundisheni "wa" upya kabla ya kuendelea.

Tena amueni mapema: kila neno ni la aina moja tu, kitu, tendo au sifa, na kamusi iseme. Toki Pona inaruhusu neno moja kuwa yote matatu, na utata wa "mi moku" unatoka hapo. Mtaongeza mizizi labda 30 kwa uamuzi huu. Ongezeni.

Hatua ya 4: mtajuaje neno linaishia wapi?

Watu wengi wanaounda lugha wanasahau swali hili, kwa sababu kwenye karatasi kuna nafasi kati ya maneno. Mdomoni hakuna. "Ka yu" inaweza kusikika kama neno moja, "kayu". Kanuni mbili zinatosha.

Kwanza, hakuna neno linaloanza na silabi ya kijineno au kiwakilishi. Silabi 10 zinaondoka mwanzoni mwa maneno, zinabaki 31. Maneno ya silabi mbili yanayowezekana ni 31 mara 41, yaani 1,271. Mnahitaji 300, chini ya robo, kwa hiyo bado mna nafasi ya kuyatawanya.

Pili, hakuna neno la silabi tatu ambalo silabi zake mbili za mwanzo ni neno lingine. "Lipa" likiwepo, "lipake" haliruhusiwi kuzaliwa.

Kanuni ya kwanza itawauma. Mtapenda "tatu" kwa 3, maana Kiswahili na Kinyarwanda vinakubaliana. Kama mmeweka "ta" kuwa wakati ujao kwa kufuata Kiswahili, "tatu" haiwezekani. Katika mfano wetu wakati ujao ni "lo" kwa sababu hiyo hiyo. Kijineno kinajifunzwa mara moja. Neno linalotambulika na mamilioni ya watu lisitupwe kwa ajili yake.

Hatua ya 5: maneno 300 na jinsi ya kuyapata

Msikae mezani mkaandika maneno yanayokuja kichwani. Mtapata "nyota", "roho" na "uhuru", na mtasahau "chenji". Fanyeni hivi: sikilizeni mazungumzo 20 ya kweli, kila moja la dakika 5, sokoni Virunga, kwa kambisti (mbadilisha pesa), kwenye kituo cha motari, dukani, shuleni. Msirekodi watu bila ruhusa. Andikeni maana tu. Kisha kusanyeni maana zilizorudi katika mazungumzo 3 au zaidi. Hizo ndizo za kuanza nazo. Ongezeni zile mgeni wa mbali angehitaji: barua, hewa, baridi, bahari.

Mgawanyo unaofanya kazi: maneno ya sarufi na viunganishi 14, namba na viasi 16, mahali na wakati 20, vitu 150, matendo 60, sifa 40. Jumla 300. Vitu vikizidi 150, kwa kawaida ni kwa sababu mmeweka kila aina ya chakula. Sombe, ugali, sambaza na maharage si mizizi minne. Majina ya vyakula vya mahali yaazimwe kama yalivyo, kama majina ya watu.

Umbo la neno litafutwe pale ambapo lugha nyingi zinakutana. Asili ya Kiarabu inasaidia sana, kwa kuwa imeingia Kiswahili, Kihausa, Kituruki, Kihindi na Kiindonesia. Globasa, lugha saidizi iliyotolewa 2019, inatumia "kitabu" kwa sababu hiyo. Kwa sauti zetu ni "kitapu". Sabuni inajulikana kwa Mfaransa, Mreno, Mwarabu na Mturuki. Maji: Lingala "mai", Kinyarwanda "amazi", na Goma wengi wanasema "mayi", kwa kuwa "yi" imetolewa, linakuwa "maya". "Kilo" linabaki kilo.

Kila umbo lipite kwenye uchunguzi wa aibu kabla ya kuandikwa katika kaye. "Kaka" ni ndugu kwa Kiswahili na choo kwa mtoto wa Kifaransa. "Pipi" ni peremende kwa mmoja na mkojo kwa mwingine. Silabi "ku" na "ma" zikiungana zinatoa tusi la Kiswahili. "Soko" peke yake linapita, lakini mtu akiongeza wingi wa Kiswahili, "masoko", msemaji wa Lingala anasikia makalio. Hapo kukosa wingi kunasaidia. Kwa sabuni, "sapu" ingekuwa fupi, lakini kwa Kiindonesia ni ufagio, kwa hiyo linabaki "sapuni". Pelekeni orodha yenu kwa mtu mmoja wa kila lugha mnayoifikia, asome kwa sauti, na muangalie uso wake. Uso husema kabla ya mdomo.

Msichukue maneno yote kutoka Kiswahili. Inavutia, kwa sababu mtayakumbuka bila kazi, lakini hapo mnawahamishia wengine mzigo wenu. Wekeni mpaka: lugha moja isizidi maneno 60 kati ya 300.

*Namba* zinahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu hazikisiwi kwa muktadha. Kiswahili kina mtego unaojulikana na kila kambisti: "sita" na "tisa" ni silabi karibu zile zile zilizogeuzwa, na kwenye simu mbovu zinachanganyika. Kinyarwanda kinasema "kane" kwa 4, Kiswahili "nane" kwa 8. Acheni yote mawili. "Tatu" na "tano" zinaanza sawa, basi 5 iwe "lima", inayojulikana kuanzia Indonesia hadi Hawaii. Namba kubwa zisomwe tarakimu kwa tarakimu, kushoto kwenda kulia, na msikilizaji azirudie zote kabla ya kujibu. Jaribio: tarakimu 10, kila moja mara 5, zimechanganywa, barabarani. Kati ya 50, zikisikika sawa chini ya 48, badilisheni tarakimu iliyokosewa, sio msikilizaji.

*Vinyume* vya hatari vipewe mizizi tofauti kabisa, hata kama kiambishi kingeokoa maneno: kulia na kushoto, ndiyo na hapana, wazi na kufungwa, salama na hatari, mpe na uchukue. Kwa sifa za kawaida, kama refu na fupi, kiambishi kinaruhusiwa.

Hatua ya 6: maneno ya kuunganisha

Maneno 300 hayatoshi kusema kila kitu, kwa hiyo mtaunganisha. Toki Pona inasema "tomo tawa", nyumba ya mwendo, kwa gari; "telo nasa", maji ya wazimu, kwa pombe. Inapendeza. Lakini "nyumba ya mwendo" kwenye ziwa Kivu ni mashua, na kwenye uwanja wa ndege ni ndege. "Mtu dawa" ni daktari, mgonjwa, au muuzaji wa famasi?

Kila muungano ujaribiwe hivi: mwambieni mtu asiyekuwepo wakati mlipounda, bila muktadha, achore au aseme ni nini. Fanyeni kwa watu 5. Wanne wakipata, unaruhusiwa. Wawili au watatu wakipata, unaingia kamusini kama neno jipya la kujifunza, na unahesabiwa. Chini ya hapo, tengenezeni mzizi mpya. Miungano ya kukariri isizidi 40. Mkizidi, kamusi yenu si ya maneno 300 tena, ni ya 400 iliyovaa nguo ya 300, na mmerudi kwenye kosa la Basic English.

Hatua ya 7: jaribio la kazi

Wiki ya 7, kila mtu akiwa na maneno 200 kichwani, wawekeni wawili wawili, mgongo kwa mgongo, au mmoja chumba kingine na ujumbe wa sauti wa simu katikati. Mmoja ana kadi ya kazi, mwingine ana vitu mezani: kopo, kamba, biki 3, sabuni, kiazi, faranga. "Weka biki 2 ndani ya kopo, funga kamba juu." "Niuzie sabuni kwa 1,500, nirudishie 500." "Kesho usije, keshokutwa njoo na mama." Kadi 20, dakika 2 kila moja. Hakuna ishara ya mkono, hakuna Kiswahili.

Andikeni katika kaye ya makosa safu 4: kilichosemwa, kilichoeleweka, sababu, marekebisho. Sababu ni moja kati ya nne: sauti, neno, kundi, au muktadha. Msiandike "hakusikiliza vizuri". Msikilizaji akikosea mara mbili mahali pamoja, lugha ndiyo yenye kosa.

Kadi 16 kati ya 20 zikifaulu, mko njiani. Chini ya 12, tazameni safu ya tatu: makosa yakijaa "kundi", tatizo ni "wa", yakijaa "muktadha", mmepunguza maneno mno, ongezeni 30. Kisha rudieni kadi hizo hizo kwa Kiswahili na muda upimwe. Lugha ndogo itachukua muda mrefu zaidi. Mara mbili inavumilika, mara nne ni dalili kwamba watu wanazunguka zunguka kutafuta neno lisilokuwepo.

Marekebisho yafanyike mara moja kila wiki 2, yote kwa pamoja, na kila moja lisomwe kwa kikundi kizima. Mkibadilisha kila siku, watu 8 watakuwa na lugha 8.

Kufundisha

Maneno 50 kwa wiki, 10 kwa siku kwa siku 5, wiki 6. Kadi ziwe katika vifurushi vitatu: ya kwanza inasomwa kila siku, ya pili kila siku 3, ya tatu kila wiki. Ukijua neno linasonga mbele. Ukikosea linarudi mwanzo. Upande mmoja wa kadi pachorwe picha, si tafsiri, pale inapowezekana, ili mtu wa Kinande na mtu wa Brazil watumie kadi moja. Vijineno vifundishwe ndani ya sentensi tangu siku ya kwanza, kamwe sio kama orodha.

Lugha hii isitumike kwa kipimo cha dawa, mkataba, wala jambo la polisi au mahakama. Kiasi cha vidonge na saa za kumeza vielezwe kwa lugha ambayo mgonjwa alizaliwa nayo au anayoijua vizuri.

Hatua ya mwisho: kufunga msingi

Zamenhof alichapisha msingi wa Esperanto mwaka 1905, na tangu hapo kanuni za mwanzo hazibadilishwi. Maneno mapya yanaongezwa, ya zamani hayafutwi. Hiyo ndiyo sababu kubwa kwamba lugha hiyo ipo mpaka leo, na Volapük imebaki historia.

Wiki ya 10, andikeni msingi wenu kwa mkono katika kaye ya kamusi: ukurasa 1 wa sauti, kurasa 2 za vijineno vyenye mifano, maneno 300 yenye aina na picha au maelezo, miungano 40, na kadi 20 za jaribio pamoja na majibu yake. Hamna haja ya zaidi. Tarehe iandikwe juu. Pigeni fotokopi moja kwa kila mwanakikundi, na picha za kurasa zote ziwekwe kwenye simu 3 za watu wasioishi nyumba moja. Baada ya hapo, neno jipya linaingia tu likiwa limetumika na watu 3 tofauti kwa miezi 3, na linaandikwa katika kurasa za nyuma, sio katikati ya yale 300. Fotokopi moja yenye kurasa tupu 4 mpelekeeni mtu wa kwanza wa nje ya Goma, kwa barua au kwa picha, pamoja na zile kadi 20. Majibu yake ndiyo yatakayofungua kaye ya pili ya makosa.